Tandiboi wangu kapewa tenka jipya, natakiwa nisaini ashushwe

Dada mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni dereva wa malori ya masafa marefu, nina miaka 53, naishi Mbagala na mke wangu na watoto wawili wa mwisho. Mkubwa yuko chuo Dodoma. Nakuandikia kwa sababu jambo hili siwezi kulizungumza kijiweni. Kila ninayekaa naye pale yumo ndani yake.

Nilianza utingo 1993 kwenye Scania 112 ya tajiri mmoja wa Iringa. Shule ya udereva sikwenda. Dereva wangu alinifundisha usiku, kati ya Mafinga na Makambako, barabara ikiwa tupu. Kampuni niliyopo sasa niliingia 2006, na tangu hapo ni Dar, Tunduma, Ndola, Lubumbashi. Naenda na kontena, narudi na shaba. Nimepata ajali moja tu, 2011, na polisi walipima wakasema kosa ni la basi.

Mwaka 2014 tulikuwa madereva tisa tuliozunguka yadi nzima na fomu za chama cha wafanyakazi. Watu waliogopa, wengine walisainia chooni. Tulipovuka nusu ya wafanyakazi, ofisi ikatutambua, na baadaye tukapata mkataba wa hali bora kati ya chama na ofisi. Kuna kifungu humo nilikipigania mwenyewe: "Katika kugawa magari mapya na njia za safari, dereva mwenye utumishi mrefu atapewa kipaumbele endapo sifa zinalingana." Kabla ya hapo gari jipya lilikuwa la anayejuana na meneja wa usafirishaji, au anayemletea mchele wa Kyela.

Mwaka huu ofisi imepata kazi ya kupeleka mafuta Zambia na Kongo. Yameingia matenka mapya 12, vichwa vyake ni otomatiki, na posho ya safari inakaribia mara moja na nusu ya posho yetu. Tangazo likabandikwa getini: leseni daraja E, cheti cha kozi ya magari makubwa, cheti cha kubeba mizigo hatarishi, na cheti cha kidato cha nne. Leseni ninayo. Vingine sina, mimi niliishia darasa la saba. Katika 12 waliochaguliwa, wanane hawajafikisha miaka mitano kazini kama madereva.

Mmoja wao alikuwa tandiboi wangu. Nimwite Dogo. Alikuja kwangu 2013 hajui hata kufunga turubai. Siku ya kwanza nilipompa usukani kushuka Kitonga alikalia breki mpaka zikaanza kunuka. Nikamwambia weka pembeni. Tulikaa karibu saa nzima zikipoa, yeye anatetemeka, mimi namenya machungwa, nikamwambia: gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia. Mpaka leo ananiita baba. Miaka mitatu iliyopita alitaka kwenda kozi, ada ikampungukia, nikamwongezea shilingi 200,000. Akaniambia, "Baba, twende wote." Nilicheka. Niende nikafundishwe gari na mtu ambaye hajawahi kulala Kasumbalesa?

Sasa mwenyekiti wa tawi la chama ameandika barua ya malalamiko. Kuna nafasi 11 za saini za wakongwe, na anataka yangu iwe ya kwanza kwa sababu mimi ndiye wa zamani kuliko wote na kifungu ni changu. Barua inadai wale wanane washushwe. Majina yao yameandikwa, Dogo ni wa tatu. Inasema pia kwamba vyeti vyao vina mashaka. Kijiweni wanasema ni vyeti vya mfukoni. Mwenyekiti anataka niseme kwamba katika tarehe za kozi Dogo alikuwa nami Tunduma. Ni kweli nakumbuka tukila wali maharage pale Tunduma, gari zimepangana foleni. Ila kama ilikuwa wiki ile au iliyofuata, sina hakika.

Nisiposaini, wenzangu wataniita msaliti. Mmoja tayari kaniuliza Dogo ananilipa kiasi gani. Nikisaini, namshusha mtoto niliyemlea. Na kuna maneno kwamba magari ya zamani yatauzwa, kwa hiyo asiye na gari atakaa yadi bila posho, mwishowe apunguzwe. Kwa mshahara mtupu binti hamalizi chuo. Barua nimepewa nije kuisoma nyumbani. Maandishi yenyewe madogo, mke wangu ndiye aliyenisomea.

Dogo amenipigia mara tatu tangu apewe gari. Sijapokea.

Dada, karibu miaka ishirini kazini, hiyo si sifa?

Mkongwe, Mbagala

*

Kaka yangu Mkongwe,

Pole na barabara. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona ugomvi wa magari. Niliporudia nikaona mizigo mitatu imefunikwa na turubai moja: wewe unaidai ofisi heshima ya miaka yako, tawi ulilolijenga linakudai saini, na kijana uliyemlea anakudai upokee simu. Ukiipandisha yote mizani kwa pamoja, gari lazima lizidi. Naomba tuipime mmoja mmoja.

Umeuliza kama miaka yote hiyo si sifa. Ni sifa, na anayekuambia vinginevyo hajawahi kuteremka Kitonga na tani za shaba mgongoni. Lakini rudi kwenye maneno uliyoyanakili mwenyewe: "endapo sifa zinalingana." Umeyaandika mara moja, kisha barua yako yote ikaendelea kana kwamba kifungu kinaishia kwenye neno "kipaumbele". Sikutajii hili kukukamata. Nakutajia kwa sababu mwanasheria wa kampuni ataanza na maneno hayo matatu kabla hajanywa chai.

Vifungu vya ukongwe huandikwa kwa namna mbili. Kuna vinavyosema mkongwe apewe kwanza maadamu kazi anaiweza, na hapo ni juu ya ofisi kuonyesha kwamba haiwezi. Na kuna vinavyosema ukongwe uangaliwe pale watu wawili wanapokuwa sawa kwa mengine yote. Chenu, kwa jinsi ulivyonipa, kinaelekea huku kwa pili. Sisemi mmeshindwa. Neno "sifa" ni pana, na kama mkataba haukulifafanua, hapo ndipo penye mjadala wenyewe. Sifa ni cheti peke yake, au na kilomita zilizoendeshwa bila kuua mtu? Nani alikaa akaamua kwamba tenka linataka kidato cha nne? Tawi liliitwa kabla tangazo halijabandikwa, au na ninyi mlilikuta getini kama mama wa chapati alivyolikuta?

Vile vyeti mimi ningevitenganisha. Cha kidato cha nne sioni kinavyozuia gari lisipinduke. Ofisi ikibanwa ieleze kinahusianaje na kazi, huenda ikasema dereva anahitaji kusoma nyaraka za forodha na karatasi za tahadhari zilizoandikwa Kiingereza. Ni hoja, ila ina jibu: mpeni karatasi hizo azisome, msimuulize alimaliza shule gani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtambua mwajiri anayeweka sharti ambalo kazi yenyewe inalidai. Sharti lisilotokana na kazi lina haki ya kuulizwa maswali.

Cheti cha mizigo hatarishi hakiko hivyo. Unajua kuliko mimi kwamba kontena lililofungwa vizuri hutulia, mafuta hayatulii. Tanki likiwa nusu na ukaingia kona kwa kasi uliyoizoea, mzigo unahamia upande mmoja na kukusukuma nje. Na Msamvu hujaisahau. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Morogoro, watu wakaja na madumu kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Nadhani umepita pale mara nyingi tangu siku hiyo. Dereva wa tenka hupimwa kwa namna anavyoendesha, na hupimwa pia kwa anachofanya dakika kumi za kwanza gari likishalala: anazima nini, anasimama wapi, anawafukuzaje watu wenye ndoo. Hilo hata miaka thelathini ya kubeba shaba haimfundishi mtu. Kama tawi litasimama na kusema cheti hiki hakina maana, naogopa litapoteza masikio ya watu hata kwenye madai yake ya haki.

Hata kule Marekani, kwenye kampuni zenye chama cha Teamsters ambako orodha ya ukongwe huheshimiwa sana katika kuchagua njia, lori la mafuta haendeshi mtu asiye na idhini mbili za ziada kwenye leseni yake, ya tenka na ya mizigo hatarishi. Awe wa kwanza kwenye orodha au wa mwisho, sharti ni hilohilo.

Sasa swali ambalo barua ya mwenyekiti hailigusi. Ofisi ilijua lini kwamba matenka yanakuja? Magari 12 hayaokotwi barabarani. Yaliagizwa, yakasubiriwa, yakatolewa bandarini. Katika miezi yote hiyo, kuna mkongwe hata mmoja aliyeitwa akaambiwa, "Kaka, kazi inabadilika, nenda kozi, gari lako litakungoja"? Kama hayupo, basi pengine manung'uniko yenu ya kweli ni kwamba mlinyimwa nafasi ya kulinganisha hizo sifa. Madai hayo yanaielekea ofisi. Hayamwelekei Dogo.

Ndiyo maana, kabla ya kuamua usaini au usisaini, ningependa ujiulize kama barua iliyopo mezani ndiyo pekee inayoweza kuandikwa. Wewe si mgeni katika tawi hilo. Mtu aliyezunguka na fomu mwaka 2014 anaweza kumwambia mwenyekiti, "Kikao kwanza, saini baadaye." Fikiria barua isiyo na jina la dereva hata mmoja. Inauliza sharti la kidato cha nne limetoka wapi. Inaomba ofisi igharamie kozi, kwa muda wa kazi, na watu wapelekwe kwa kufuata orodha ya ukongwe. Inataka tenka la 13 na la 14 yakija, wakongwe waliofaulu wawe mbele. Hapo kifungu chako kinapata mahali pa kusimama bila kumkanyaga mtu.

Ina hatari zake pia. Ofisi inaweza kukubali kwa mdomo na kozi isifanyike mpaka mkataba wa mafuta uishe. Wenzako wanaweza kuiona ni barua laini, kwa sababu mtu aliyepokonywa tonge hafurahishwi na ahadi ya mlo wa kesho. Na matenka yale 12 yatabaki kwa walionayo, jambo ambalo baadhi yenu mtashindwa kulimeza.

Ukisaini ile ya mwenyekiti, nayo ina njia yake. Mgogoro juu ya tafsiri ya mkataba wa hali bora, usipomalizika ndani, huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa usuluhishi, na ukishindikana huko, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Angalieni kalenda. Malalamiko yasiyohusu kuachishwa kazi yana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, na siku hizo haziwasubiri ninyi mmalize vikao. (Ya kuachishwa kazi ni 30, ikumbuke hiyo kwa ajili ya baadaye.) Mkichelewa itabidi muombe kuongezewa muda na kueleza kwa nini, na kuomba si kupata. Kisha jiulize: mkishinda, nini kinatokea asubuhi yake? Dogo anashuka. Nani anapanda? Kama mteja wa mafuta hampokei dereva asiye na cheti, gari litasimama yadi, na posho ile haitakwenda kwako wala kwake.

Jambo jingine, na hili mwambie mwenyekiti kwa upole. Wale wanane nao wanakatwa ada ya chama. Dogo ni mwanachama wenu kama wewe. Tawi likiwa mshitaki wa wanachama wake wanane kwa niaba ya wengine 11, hao wanane watamkimbilia nani? Nimeona matawi yakigawanyika kwa jambo dogo kuliko hili, na mkishapungua chini ya nusu, ile nguvu ya kutambuliwa mliyoipata kwa saini za chooni inakuwa mashakani. Simlaumu mwenyekiti. Wakongwe wanampigia kelele, na uchaguzi wa tawi haukosi kuwa karibu.

Halafu kuna habari ya vyeti vya mfukoni.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo barua yako ilipotetemeka. Unakumbuka wali maharage, unakumbuka foleni, tarehe huikumbuki. Safari ngapi zimepita Tunduma tangu wakati huo? Kumbukumbu ya foleni ya Tunduma yaweza kuwa ya wiki yoyote ile. Mwenyekiti anakuomba uikaze kumbukumbu hiyo mpaka itoe tarehe, na wewe umeniandikia kwamba haitoi. Nadhani hapo umeshajisikia mwenyewe.

Na haihitajiki. Cheti kina namba, na chuo kilichokitoa kina rejista. Ofisi ikiwa na shaka inaandika barua, inajibiwa, basi. Kikionekana cha uongo kuna utaratibu wa nidhamu, na kijana atapewa nafasi ya kujieleza. Ushahidi wa mtu aliyekula naye wali hauongezi kitu kwenye rejista. Unachofanya ni kukufunga wewe na maneno ambayo siku moja utaulizwa chini ya kiapo.

Tena mlango wa kukagua vyeti ukifunguliwa haufunguki nusu. Watakagua vya wanane, kisha mtu atasema, na mafaili ya wakongwe je? Leseni zilizobadilishwa kutoka zile za zamani zilipatikanaje, nani alifanya jaribio, nani alitumiwa tu picha? Sikuulizi yako. Umenieleza ulivyojifunza, usiku, Mafinga na Makambako, na mimi nimeipenda hadithi hiyo. Afisa wa ofisi anaweza asiipende.

Hofu ya kupunguzwa siipuuzi. Magari ya zamani yakiuzwa, watu hupungua. Lakini sheria haimruhusu mwajiri kuamka na orodha. Anatakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana na chama kuhusu namna ya kuepusha au kupunguza idadi, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao. Kwenye vigezo ukongwe una uzito mzuri, ule utaratibu wa aliyeingia mwisho kutoka kwanza. Ujuzi na sifa za kazi navyo vimo. Nakuambia hivi ili usije ukaegemea miaka yako peke yake kama mtu anayeegemea mlango usio na kitasa. Na malipo ya kisheria ya kuachishwa ni angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Wewe una karibu ishirini, sheria itakuhesabia kumi, labda mkataba wenu wa hali bora uwe umeweka zaidi. Ukurasa huo mwambie mama akusomee leo.

Nimefika kwa mama sasa, na hapa naomba ruhusa ya dada.

Umeandika kwamba maandishi ya barua yalikuwa madogo, mkeo akakusomea. Umepita haraka. Mimi nimesimama hapo. Mtu wa miaka 53 kutoona maandishi ya karibu ni kawaida kabisa, ni miwani tu, na ya kusomea si ghali. Lakini dereva anayepita Mikumi usiku anahitaji kujua kama tatizo ni la karibu peke yake au na la mbali. Umepima macho lini? Na je, yawezekana kicheko kile ulichomcheka Dogo aliposema "Baba, twende wote" kilikuwa na kitu kingine ndani yake zaidi ya dharau kwa mwalimu? Kukaa kwenye dawati nyuma ya kijana uliyemfundisha, mbele kuna ubao ambao pengine huuoni vizuri, kisha mtihani wa kuandika. Mimi nilikimbia darasa la kompyuta nikiwa na miaka 48. Niliwaambia mgongo unauma. Mgongo ulikuwa mzima.

Ukienda kozi unaweza kukuta nusu ya mambo unayajua kwa mikono, huna majina yake tu. Unaweza pia kukuta mambo mageni ya kweli, na vichwa vya otomatiki navyo vina tabia zao mlimani. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo, si mbali na kwako kama Tunduma. Nenda ukaulize, kuuliza hakuna ada: somo hufundishwa kwa lugha gani, mtihani ukoje, anayehitaji kusomewa swali husaidiwaje. Gharama ni ya kweli, na siku utakazokosa safari ni posho unayoipoteza. Unaweza kufeli mara ya kwanza. Unaweza pia kufaulu na ofisi isikupe tenka. Sikufichi.

Na kuna swali ambalo hakuna aliyekuuliza yadini: tenka lenyewe unalitaka? Posho yake unaitaka, hilo limeeleweka. Lakini kulala na mafuta mgongoni, mtu asiwashe hata jiko la chai karibu nawe, kila kijiji watu wanaangalia bomba lako. Wako madereva wazuri sana ambao hawagusi kazi hiyo na hakuna anayewaona waoga. Kama jibu lako ni hapana, basi unachopigania huenda ni gari zuri la kontena na uhakika wa safari, na hilo linadaiwa kwa barua ya namna nyingine. Kampuni nyingine huwatumia wakongwe kuwasindikiza madereva wapya safari za kwanza, wakiwafundisha njia. Ukiletewa wazo hilo, uliza mara moja posho yake ni kiasi gani na imeandikwa wapi, maana cheo cha mdomo kimewazeesha wengi.

Kuitwa msaliti kunauma, najua. Yule aliyekuuliza Dogo anakulipa kiasi gani, mimi ningemjibu ukweli: yeye ndiye niliyempa, laki mbili, za kozi. Sijui kama atacheka au atanyamaza. Ila jiulize kama wote 11 wanataka kweli majina yale yawemo, au kila mmoja anamwogopa aliye pembeni yake, kama mlivyoogopana 2014. Wazungumzishe wawili watatu, mmoja mmoja, mbali na kijiwe. Mnaweza kukuta barua ya mwenyekiti ina mwenyewe mmoja tu.

Na Dogo. Umeniambia amepiga mara tatu, hukuniambia unadhani alitaka kusema nini. Huenda anataka kujisifu. Huenda anaomba radhi kwa kosa ambalo hajalifanya. Huenda yuko na gari jipya la otomatiki na tanki limejaa, mbele ya mteremko mkali, na somo la gia ulilompa na machungwa halielezi gari la namna hiyo linashukaje, na hana mwingine wa kumuuliza. Huna haja ya kumweleza habari za barua, wala kumuahidi lolote. Lakini kama utasaini, nadhani ungependa alisikie kwako kabla hajalisoma ubaoni. Na kama hutasaini, hilo nalo halijui.

Kwa mahesabu yangu, kama alipakia wiki iliyopita, sasa hivi atakuwa anasogea Tunduma. Foleni ya pale unaijua. Akipiga mara ya nne, muda wa kuongea atakuwa nao.

Dada yako